Kabla ya Lipa Namba, Daftari

KUTOKA MFUKONI
Na Saada Mkwizu

Fungua Instagram sasa hivi na utakutana na tangazo hili: "Mzigo mpya umeingia, zimebaki pisi tatu, wahi chako." Chini yake kuna namba ya simu, na mara nyingi lipa namba. Muuzaji hakuombi ufikirie, anakuomba uwahi. Bodaboda anakuwa ameshaondoka na gauni lako kabla hujauliza nyumbani kama gesi bado ipo.

Sina ugomvi na wauzaji hao. Wengi ni vijana na akina mama wanaotafuta riziki kwa jasho lao. Ninachotaka tukielewe ni kwamba haraka hiyo imetengenezwa, tena na watu wenye akili nyingi. Mwaka 1999 kampuni ya Amazon ilipewa hataza nchini Marekani kwa njia ya kununua mtandaoni kwa kubofya mara moja tu. Walijua kwamba kila hatua inayomchelewesha mteja inampa nafasi ya kubadili mawazo.

Kwetu Afrika Mashariki, M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kwa ajili ya kutumiana fedha, na imetufaa mno. Lakini leo fedha hiyohiyo iko mkononi saa sita usiku, na ikipelea kuna mikopo ya kujazia, Songesha huku na Fuliza kwa majirani zetu wa Kenya. Zamani noti zikiisha mfukoni, ununuzi uliishia hapo. Na kulipa bila kuhesabu noti kunatufungua mkono kuliko tunavyodhani. Watafiti wawili wa chuo cha MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha mwaka 2001 matokeo ya jaribio lao: wanafunzi walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa karibu mara mbili ya wenzao wa fedha taslimu, kwa tiketi zilezile za mpira wa kikapu.

Wenzetu wameliona tatizo hili hadi wakalitungia sheria. Katika Umoja wa Ulaya, aliyenunua kitu mtandaoni ana siku 14 za kukirudisha, kwa kawaida bila hata kueleza sababu. Marekani, tangu miaka ya 1970, mtu aliyefuatwa na muuzaji nyumbani kwake hupewa siku tatu za kazi za kuvunja mauzo. Sasa soma risiti za maduka yetu, pale chini kabisa: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Ndiyo maana nasisitiza kuwa na daftari la kuandikia vitu unavyovitamani kabla hujavinunua. Kama baada ya kulipa hakuna kurudi nyuma, basi siku za kufikiri ni lazima tujipe wenyewe kabla ya kulipa.

Daftari hili lisichanganywe na orodha ya sokoni. Unga, sabuni na dawa havingoji. Humu kinaingia kile kitu ambacho jana hukukiwaza na leo unaona huwezi kuishi bila hicho. Kiandike kwa mkono: jina lake, bei, ulikokiona, tarehe, na mwisho andika kitakachokosa fedha endapo utakinunua. Mstari mmoja usomeke hivi: "Blenda, 95,000, Kariakoo, tarehe 3. Itakula hela ya luku na ya mchezo." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Dukani unapimiwa blenda hii na blenda ile, na utatoka na mojawapo. Kwenye daftari blenda inapimwa na umeme wa nyumba na zamu ya wenzako wanaosubiri mchango wako. Muuzaji hawezi kukufanyia hesabu hiyo, na wala si kazi yake.

Kisha subiri. Kwa anayelipwa kwa mwezi, mimi nasema kilichoandikwa mwezi huu kisinunuliwe kabla ya mshahara unaofuata. Kwa anayepata chake kila siku, wiki moja inatosha. Vingi utavikata mwenyewe bila uchungu. Vitakavyobaki utavinunua kwa moyo mweupe, tena kwa bei nzuri, kwa sababu mteja aliyekwisha kuuliza maduka matatu hapandishiwi bei kirahisi Kariakoo.

Wapo watakaosema wataandika kwenye simu. Nawasihi wasifanye hivyo. Simu ndilo duka lenyewe. Ukiifungua uandike kiatu, tangazo la kiatu kingine linakusubiri juu ya kioo.

Wapo pia wanaosema bei zinapanda, anayengoja anaumia. Kwa mabati, saruji au sare za shule mnamo Desemba wana haki, na vitu hivyo vina bajeti yake. Lakini taa za rangi za sebuleni hazijawahi kumfukarisha mtu kwa kucheleweshwa. Kilichofukarisha nyumba nyingi ni mkopo wa dakika mbili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, na sote tunakumbuka jinsi wakopaji walivyodhalilishwa kwa meseji zilizosambazwa kwa ndugu na mabosi wao. Inaniuma kufikiri kwamba baadhi ya madeni hayo yalianzia kwenye kitu ambacho baada ya wiki moja mwenyewe asingekitaka tena.

Wazazi, daftari hili lina faida nyingine nyumbani. Mtoto akishika toi dukani na kulia, wengi wetu humwambia "nitakununulia kesho" huku tukijua ni uongo. Mwambie "tuandike", kisha aandike mwenyewe, na siku mliyoipanga mlisome daftari pamoja. Kama bado anakitaka kitu kile na uwezo upo, kinunuliwe. Atajifunza kwamba kungoja kuna mwisho, na kwamba neno la mzazi wake linaaminika.

Mshahara wa mwezi huu ukiingia, andika vitu vitatu unavyovitamani kabla hujalipia hata kimoja. Ukiingia wa mwezi ujao, niandikie kupitia gazeti hili unieleze vingapi kati ya hivyo bado unavitaka.