Kompyuta Ikiamka na Maandishi Matupu



Mzazi mmoja wa Ujiji ametuletea swali. Wanawe walinunuliwa laptopu ya mtumba kwa masomo ya shule na madrasa. Windows 10 iliyokuwamo ilifikia ukomo wa matunzo ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ni kuukuu mno kuipokea Windows 11. Fundi akampa njia mbili: awekewe nakala iliyovunjwa kufuli, au anunue kompyuta nyingine. Mjomba wa watoto akaja na njia ya tatu, akaweka Debian, mfumo endeshi huria wa jamaa ya Linux. Ilipowashwa, haikuonesha picha wala madirisha. Ilitoa mistari myeupe juu ya weusi, ikakomea kwenye neno login na alama inayopepesa. Mama huyo anauliza: je, mashine imekufa? Na je, ni vibaya kurudi kwa fundi na nakala yake?

Nianze na la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Majmaa al-Fiqh al-Islami, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na ubunifu zinalindwa na sharia na haifai kuzivamia. Nakala iliyovunjwa kufuli haitoki nje ya hukumu hiyo, hata kama mtaa mzima unaitumia. Debian ni jambo jingine kabisa: wenye kuitengeneza wenyewe wameruhusu kwa maandishi inakiliwe, igawiwe na irekebishwe. Flashi aliyoazima mjomba kwa rafiki yake wa Mwanga haina deni la mtu.

Sasa la kwanza. Mashine haikufa, tena iko macho. Kompyuta inayoandika login imekwisha kuisoma diski yake, imeitambua kibodi, na inamngoja mtu ajitambulishe. Kilichokosekana ni tabaka la juu tu.

Wazee wa Kigoma watanielewa upesi nikiwatajia meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya hapa na kushushwa majini Februari 1915. Mfumo huria nao huja kwa masanduku. Chini kabisa kuna kiini, ndiyo Linux yenyewe, kinachozungumza na vyuma. Juu yake huja programu ya kuchora kwenye skrini, kisha programu ya mlangoni inayouliza jina na neno la siri kwa picha, na mwisho eneokazi lenyewe: madirisha, menyu na vitufe. Windows huuzwa vyote vikiwa vimeshonwa pamoja, ndiyo maana mtu hadhani kuwa ni vitu mbalimbali. Katika Debian sanduku moja likiachwa njiani, meli inaelea lakini haina sitaha.

Ni nani aliyeliacha? Mara nyingi ni bando. Debian hutolewa kwa namna kadhaa. Ile ndogo, isiyofika GB 1, hubeba msingi tu, na eneokazi hulichukua kwenye intaneti wakati wa kusimikwa. Bando likikatika katikati, au mtu akisimika pasipo mtandao, humaliza salama na kupata mashine ya maandishi matupu. Hakuna kosa lililotokea. Imesimika ilichokuwa nacho. Kwa mtu anayepima intaneti kwa shilingi, ushauri wangu ni achukue nakala ile kubwa ya karibu GB 4, ambayo eneokazi limo ndani, aipakue mara moja mahali penye mtandao mzuri na kuwagawia jirani na madrasa. Na kama mashine hiyo bado haina kazi za watoto, kusimika upya kwa nakala kubwa ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

Ikiwa kazi zimo, hakuna haja ya kufuta. Andika jina la mtumiaji, bonyeza Enter, kisha neno la siri. Herufi za neno la siri hazionekani zinapoandikwa, wala nyota hazitokei; wengi hudhani kibodi imeharibika. Ukishaingia, andika kwanza df -h. Mstari wenye alama / peke yake ukionesha 100%, diski imejaa, nayo diski iliyojaa ni chanzo cha maradhi mengine yanayofanana na haya: mlango wa picha unalipokea neno la siri, kisha unakurudisha palepale. Amri ya sudo apt clean hufuta mabaki ya vifurushi vya programu na kukupa nafasi ya kupumua.

Kama umeme ulikatika programu zikiwa zinasimikwa, andika sudo dpkg --configure -a ili kazi iliyokatizwa imaliziwe. Kisha, intaneti ikiwapo, andika sudo apt install task-xfce-desktop. Amri hiyo moja huleta tabaka zote tatu zilizopungua. Malizia kwa sudo systemctl set-default graphical.target, kuiambia mashine iamke kwa picha, na sudo reboot. Ukijibiwa kwamba sudo haijulikani au huruhusiwi, andika kwanza su - na neno la siri la msimamizi, kisha rudia amri hizo bila ya sudo.

Nimetaja Xfce kwa makusudi. Yapo maeneokazi mazuri zaidi kwa macho, lakini laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 2 itayabeba kama punda anayepandishiwa magunia ya mawese. Xfce ni jepesi. Atakayeielemea mashine ni kivinjari cha intaneti, kwa hiyo watoto wazoee kufungua kurasa chache.

Na iwapo skrini ni nyeusi kabisa, bila hata herufi, shida huwa kwenye chombo cha picha. Katika orodha inayotokea mwanzo wa kuwasha, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwisho wake, kisha bonyeza F10. Debian 12 ya Juni 2023 na zilizofuata huja na programu za vyuma vingi ambazo zamani zilitafutwa kando, kwa hiyo tatizo hili limepungua.

Watoto wakitaka kuandika kwa menyu za Kiswahili, wafungue LibreOffice. Kazi hiyo ilianzia kwetu: mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa kuwa ruhusa ilikuwamo ndani ya leseni.

Kazi moja hubaki madirisha yakisharudi, na kwa watu wa Kigoma ni kubwa kuliko rangi ya skrini. Katika kuweka saa, mfumo hukutajia Dar es Salaam, na hiyo ni sawa, saa ya Tanzania ni moja. Lakini programu ya nyakati za swala ikiachiwa Dar es Salaam, itawadanganya. Jua huchelewa dakika 4 kwa kila digrii moja ya kwenda magharibi, na kati ya Dar es Salaam na Kigoma zipo karibu digrii 9.7. Hizo ni kama dakika 39, zikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Familia itakayofuturu Ujiji kwa mlio wa kompyuta yenye hesabu za Dar es Salaam itakuwa imekula jua likiwa bado juu ya ziwa. Kibla nacho huhama: kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kamili, kutoka Kigoma ni digrii 20 hivi mashariki ya kaskazini.

Kwa hiyo ijazeni wenyewe: latitudo -4.88, alama ya kutoa ikimaanisha kusini, na longitudo 29.63. Katika kuchagua njia ya kuhesabu Alfajiri na Isha muulizeni imamu wenu, kwani zipo kadhaa na hutofautiana kwa dakika. Kisha ilinganisheni na ratiba ya msikiti kwa wiki nzima kabla ya kuitegemea.