Masazo ya Mavuno ni ya Nani?



Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni, na kurudi nyuma kuokota masazo. Hayo yalikuwa fungu la maskini na mgeni. Kwa sheria hiyo Ruthu, mjane na mgeni, alijipatia riziki katika shamba la Boazi.

Katika miji yetu, shamba la namna hiyo ni dampo. Mwaka 1994 Jiji la Dar es Salaam lilikabidhi kwa kampuni binafsi uzoaji wa taka katika baadhi ya kata za katikati ya jiji, kwa kuwa lilikuwa limeelemewa na kazi hiyo. Tangu hapo ushirikiano wa serikali na wafanyabiashara katika usafi wa mazingira umepanuka. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na watengenezaji wa mifuko mbadala wakapata soko. Leo chupa tupu, makaratasi na vyuma chakavu ni malighafi ya viwanda. Hatupingi jambo hilo: mji safi ni afya, na kiwanda ni ajira.

Hata hivyo, wapo waliokuwa wakichambua taka kwa mikono mitupu kabla ya mkataba wowote kuandikwa. Hao ni waokota chupa. Mizani si yao, wala bei si yao. Vyote viko mikononi mwa dalali. Serikali na kampuni zinapotia sahihi pande mbili tu, mwokota chupa aweza kuamka na kujikuta nje ya uzio, akiitwa mwizi wa kitu kilichotupwa jana. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tangu waraka Rerum Novarum wa Papa Leo XIII, mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Mwaka 2015, katika Laudato Si', Papa Fransisko alitukumbusha kwamba kilio cha dunia hakitengani na kilio cha maskini. Kwa hiyo, biashara ya kuitunza dunia inayomfukuza maskini haijatimiza haki.

Tufanye nini? Kwanza, viongozi wa walei wamwulize diwani, kabla zabuni haijatolewa, nafasi ya waokota taka ni ipi katika mkataba. Pili, jumuiya ndogondogo ziwasaidie kuunda ushirika wenye mizani yake, ili wauze kiwandani moja kwa moja. Tatu, kila familia itenge chupa na vioo mbali na mabaki ya chakula, ili mtu asikatwe mikono akitafuta riziki.

Boazi aliwaagiza watumishi wake wamwachie Ruthu masuke kwa makusudi, wala wasimkemee. Shamba lilibaki kuwa lake, na mavuno yake hayakupungukiwa. Wenye mikataba wa leo nao wanaweza kufanya hivyo, iwapo sisi hatutanyamaza.