Penye Shaka, Panda Maua

Ndugu zangu wenye kipande cha ardhi mjini, hata kama ni hatua chache tu kati ya gereji na mtaro: kabla ya kumwaga mbegu za mchicha msimu huu, ulizeni kwanza hapo zamani palikuwa na nini. Kama palichomwa taka, kama mafundi walivunja betri za magari, au kama ni ukingo wa barabara kuu ya miaka mingi, nawaomba pandeni maua.

Kufikia mwanzo wa mwaka 2006, nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye madini ya risasi. Risasi iliyokwisha kuanguka haikuondoka. Madini haya hayaozi; hukaa kwenye udongo wa juu, palepale tunapopanda matembele na palepale watoto wanapochezea.

Mmea hauna miguu ya kukimbia sumu, kwa hiyo huishi nayo. Kuta za seli za mizizi hunasa sehemu ya madini yasipite. Yanayopenya hufungwa na chembe ndogo ambazo mmea wenyewe huzitengeneza, kisha husukumwa kwenye vifuko vilivyo ndani ya seli, mbali na kazi za uhai. Marigoldi na jeraniamu zimejaribiwa sana na watafiti katika udongo wenye risasi na kadimiamu, na mara nyingi huendelea kukua na kutoa maua. Aina nyingine ni mabingwa hasa: karibu na Lubumbashi, huko Katanga, kuna mmea wenye maua uitwao Haumaniastrum katangense, unaopenda udongo wa shaba kiasi kwamba uliwasaidia wanaakiolojia kugundua mahali palipokuwa na tanuri za kale za kuyeyushia madini.

Sasa angalieni hatari ilipo. Ustahimilivu huohuo mchicha nao unao, walau kwa kiasi. Unaweza kunyonya kadimiamu na bado ukasimama kijani kibichi, laini, wa kuvutia sokoni. Haunyauki ili kukuonya. Kuosha mboga huondoa vumbi lililo juu ya jani, na tuoshe kweli, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani. Ua lina heri moja tu kubwa: halipandi mezani.

Lakini maua yasitumike kufunika kesi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakashinda: shilingi bilioni 1.3 za Kenya, pamoja na amri ya kusafisha udongo. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyourudisha ushindi wao mwaka 2024. Mahali kama pale hapatibiwi kwa kitalu cha marigoldi. Kusafisha udongo kwa mimea huchukua miaka mingi, na gharama ni ya aliyechafua.

Kwenye viwanja vyetu vya kawaida, vyenye shaka ya kawaida, kazi ya maua ni nyingine: kushika udongo na kuzuia vumbi lisipeperuke hadi sebuleni. Basi funikeni ardhi yote. Ukoka chini, kanna kwenye mtaro, jeraniamu na marigoldi katikati. Pasibaki kipara. Mkipogoa, msichome matawi wala msiwape mbuzi, na msiyatie kwenye mboji ya bustani ya mboga. Yawekeni kando yaondoke na taka. Mboga zipandeni kwenye magunia au viroba, kwa udongo mnaojua umetoka wapi. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, viatu viachwe mlangoni. Hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Nanyi wauza miche wa kando ya barabara, ambao mnajua historia ya kila kona kuliko ofisi yoyote: mteja akija kununua miche ya sukuma wiki, muulizeni anapanda wapi. Wajumbe wa mitaa, hilo liwe ajenda ya kikao kijacho, kabla ya mvua. Kanna wala haihitaji kununuliwa. Huongezeka yenyewe chini ya ardhi, na mwenye nayo huwa nayo nyingi mno. Muombe jirani chipukizi lenye mzizi. Akishangaa kwa nini umeng'oa mchicha uliostawi vile, kaa naye umweleze.