Ndimu haipunguzi makali ya tequila

Siku hizi si ajabu Ijumaa jioni, Nairobi au Mombasa, kumwona mtu aliyeapa kwamba hagusi pombe kali akiagiza bilauri ya tatu ya kokteli ya tequila, ukingo umepakwa chumvi na kipande cha ndimu kimechomekwa juu. Ukimuuliza, atakujibu kwamba hiyo ni sharubati tu iliyotiwa moto kidogo. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Maji ya ndimu na balungi huficha ladha ya pombe, lakini hayaiondoi hata tone moja.

Wapo watakaosema kwamba kurasa za afya si mahali pa kufundisha watu kuchanganya vileo. Nawaelewa, na msomaji ambaye dini yake au daktari wake amemkataza hana sababu ya kubadili msimamo kwa ajili yangu. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) lilitamka waziwazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Lakini wanaokunywa wapo, na kuwanyamazia hakujamwokoa mtu. Maoni yangu ni kwamba anayependa kinywaji hiki afadhali ajitengenezee nyumbani, mradi atumie kipimo. Huko baa hajui alichotiliwa, na baadaye bado ana safari ya kurudi kwake.

Tequila hutoka Mexico, hasa jimbo la Jalisco, na tangu 1974 jina hilo limelindwa kisheria. Hutengenezwa kwa agave ya buluu, mmea ambao ni binamu wa mkonge tunaouona Vipingo na Mwatate. Moyo wa mmea hupikwa, hukamuliwa, huchachishwa kisha hukenekwa. Chupa iliyoandikwa kwamba ni agave asilimia 100 haina sukari nyingine iliyochachishwa ndani yake. Isiyoandikwa hivyo yaweza kuwa na sukari ya agave asilimia 51 tu. Hata hivyo, msidanganyike na wauzaji wanaodai kwamba ile ya agave tupu ni dawa. Ni pombe ya asilimia 40 hivi, basi.

Wenyeji wa Mexico hupenda sana kinywaji kiitwacho paloma, yaani njiwa, ambacho ni tequila, balungi na ndimu. Ni rahisi kuliko margarita, na ndicho ningekichagua. Chukua kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, chenye alama za mililita. Osha vizuri, kisha pima mililita 15 za tequila mara tatu, na usiongeze. Kamua nusu ya balungi na nusu ya ndimu. Mimina vyote katika bilauri ndefu iliyojaa barafu, tia chumvi kidogo sana kwa ncha za vidole, kisha ujazie maji ya soda yasiyo na sukari. Koroga mara moja tu ili gesi isitoroke. Barafu nayo iwe ya maji yaliyochemshwa, kwani baridi ya friji haiui viini vya kipindupindu.

Kwa nini nashikilia kikombe cha dawa? Kwa sababu mkono ni mwongo. Mililita 45 za tequila zina pombe inayokaribia ile ya chupa ya bia ya nusu lita, na ini la mtu mzima huhitaji takriban saa mbili kuimaliza. Anayemimina kwa kukadiria hufikisha mililita 90 bila kujua, na akinywa bilauri tatu za namna hiyo amekunywa zaidi ya bia tano huku akijisifu kwamba hakunywa hata moja. Kahawa wala maji baridi hayaharakishi kazi ya ini.

Nimetaja maji ya soda makusudi. Wengi hujazia soda ya kawaida, ambayo katika mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari. Mwenye kisukari anajua maana ya hilo. Utamu huo pia ndio unaomfanya mtu amalize bilauri haraka na kudai nyingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo baa haitakueleza kamwe. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Kanada wakiongozwa na David Bailey walikuwa wakichunguza jinsi pombe inavyoathiri felodipine, dawa ya presha. Ili washiriki wasitambue ladha ya pombe, waliwapa ikiwa imechanganywa na maji ya balungi. Kumbe balungi lenyewe lilipandisha kiwango cha dawa katika damu kupita kiasi! Matokeo hayo yalichapishwa 1989. Balungi huzuia kimeng'enya cha matumbo kinachopunguza nguvu ya dawa, na athari yake huweza kudumu zaidi ya siku nzima. Dawa nyingine zinazoguswa ni nifedipine, ambayo pia ni ya presha, na simvastatin na atorvastatin za kupunguza kolesteroli. Hata artemether-lumefantrine, dawa ya malaria ambayo kila nyumba hapa Kenya inaijua, hutolewa na tahadhari kuhusu balungi. Ukimeza lolote kati ya hayo, muulize mfamasia kabla ya kulikamua tunda hilo. Chungwa tamu halina tatizo hilo. Ama anayetumia dawa za kifua kikuu, yeye asiguse pombe kabisa. Ini lake tayari lina mzigo.

Wenye presha pia waiache chumvi ya ukingoni. Inapendeza machoni, lakini WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku nzima, na chakula cha jioni tayari kimechukua sehemu kubwa.

Na chupa je? Ukiona tequila inauzwa kwa bei ya kutupa, iache hapo hapo. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 waliangamia Nairobi kwa kunywa kumi kumi iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli haina rangi, na ndimu itaificha kama inavyoficha pombe yenyewe. Nunua dukani penye leseni, tazama kama kifuniko kimeguswa, na ukague stempu ya ushuru.

Yule aliyepewa kazi ya kuwarudisha wenzake kwa gari, na mama mjamzito, watengenezewe kinywaji hicho hicho bila tequila. Chumvi ile kidogo na maji ya ndimu hukifanya kipendeze hata hivyo, na mgeni asiyetaka kueleza kwa nini hanywi hatalazimika kueleza.

Wanaokamulia nje, ufukweni au kwenye baraza yenye jua, wanawe mikono kwa sabuni mara wamalizapo. Maji ya ndimu yakikauka ngozini kisha yakapigwa na jua, huleta malengelenge na madoa meusi yanayoweza kukaa wiki kadhaa.