Kutu Nyeupe na Kutu Nyekundu

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, bodi yake iliundwa kwa aloi ya alumini, na vipande vya chuma vya kingoni vikavikwa zinki, kama yavikwavyo mabati ya paa. Aliyerithi gari la namna hiyo hutamani kulirudishia sura yake. Lakini haraka haraka haina baraka.

Kwanza na aitazame kutu. Unga mweupe ni zinki inayolika tu: huondolewa kwa maji safi na brashi ya nailoni, kisha kipande kikaushwe vizuri. Wekundu ni dalili kwamba zinki imekwisha na chuma chenyewe kinaliwa. Hapo ndipo brashi ya waya na msasa hutumika, tena mahali penye kutu peke yake. Akwanguaye kipande kizima huondoa kinga iliyosalia. Chuma kikishang'aa, kipakwe mara mbili rangi yenye unga mwingi wa zinki.

Hatari kubwa ipo katika kuchomelea. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe uletao homa na baridi saa chache baadaye, mfano wa malaria. Hivyo zinki iondolewe kwanza penye kiungo, kazi ifanyike penye upepo, na watoto wakae mbali. Apatwaye na homa hiyo amweleze daktari kwamba alikuwa akichomelea, asije akatibiwa ugonjwa mwingine.