Huru Si Bure: Neno kwa Kijana Mwenye Saiba na Ofisi Ndogo



Ndugu yangu, dada yangu, leo tuongee kuhusu ile kompyuta inayokuletea unga nyumbani. Wewe uliyefungua saiba pale Kitale karibu na stendi, au ofisi ndogo ya kuchapa na kufanya fotokopi Bungoma mjini. Una kompyuta nne za mitumba, printa moja, laini ya M-Pesa. Sawa. Sasa nikuulize: hizo programu zilizo ndani, ulizipata wapi?

Najua jibu, kwa sababu hata mimi nimepita hapo. Kuna jamaa alikuja na flashi, akaweka Windows iliyokrakiwa na Office iliyokrakiwa, ukampa mia tano, mambo yakaendelea. Ukiulizwa kama ni halali unacheka, "Na ningelipa na nini?"

Swali lako ni la haki, silidharau. Lakini jibu halitoki kwenye flashi ya jamaa. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait mwaka 1988, ilisema wazi kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi zinalindwa kisharia, na haifai kuzivunja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Basi tusidanganyane kwamba "kila mtu anafanya".

Kuna kundi la pili, na hawa nawapenda zaidi ingawa nao wana shida yao. Hawa wamegundua programu huru, na sasa wakikuona na Windows wanakutazama kama umekula nguruwe. Kwao kila kitu ni Linux, na biashara itajipanga yenyewe.

Mimi nilikuwa wa kundi hilo. Sikiliza kilichonipata.

Ofisi yetu ya Bungoma ilikuwa na orodha ya vijana tunaowasaidia kufuatilia vitambulisho na basari. Tuliiweka kwenye programu fulani tuliyopewa "bure kwa kuanzia". Siku moja ikafungwa: lipa ndipo ufungue. Majina ya watu, namba zao za simu, karatasi gani zimekosekana, vyote vimefungiwa ndani. Tukarudi kwenye madaftari, tukaandika upya wiki nzima.

Nikakasirika. Nikaapa hakuna programu ya kufungiwa itaingia ofisini tena. Usiku mmoja nikaweka Linux kwenye kompyuta zote tatu, bila kujaribu printa, bila kumfundisha mtu. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka fomu za basari. Printa ikagoma. Fomu zikafunguka vibaya, mistari imeruka. Tulikimbia huku na huku, lakini vijana wawili fomu zao zilichelewa. Mama wa mmoja wao aliniuliza, "Mwanangu, hiyo Linux ndiyo nani?" Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, si la Linux.

Tangu siku hiyo nafikiria tofauti, na ndilo neno langu leo.

Kwanza tuelewe neno lenyewe. Kiingereza kina neno moja kwa bure na kwa huru, ndiyo maana wenyewe wanabishana mpaka leo. Sisi tunayo mawili. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alikuwa anaongea kuhusu huru. Yaani uitumie programu kwa kazi yoyote, uisome na kuibadilisha ndani, umpe mwenzako nakala, na ugawe hata ile uliyoiboresha. Hakuna mahali amesema usiuze. Unaruhusiwa kutoza pesa, na unaruhusiwa kabisa kulipwa kwa kuifunga, kuitengeneza na kufundisha watu.

Na usidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, hapo Nandi tu, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kutokana na kazi hiyo ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, mwaka 2004 ikaanza programu huru ya OpenMRS, ambayo leo inatumika nchi nyingi duniani. KenyaEMR, inayotumika kwenye kliniki zetu nyingi za VVU, imejengwa juu yake. Ushahidi nayo ilizaliwa Januari 2008, wakati Bonde la Ufa linawaka, ili watu waripoti vurugu kwa simu. Msimbo wake uliachwa wazi, na mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko.

Lakini angalia vizuri. Je, hizo programu zilijengwa kwa hewa? Hapana. Kulikuwa na mishahara, wafadhili, vyuo. Programu ilikuwa huru, kazi haikuwa bure. Anayekwambia uhuru hauna gharama hajawahi kuamka usiku kutengeneza seva.

Sasa tuje shambani, maana sisi wa Trans Nzoia tunaelewa mbegu. Kenya Seed iko Kitale tangu 1956. Mkulima anajua mbegu ya mahindi ya haibridi lazima anunue kila msimu. Akirudisha zile za ghalani, mavuno yanashuka. Anapiga hesabu, ananunua. Lakini maharage anaweka yake mwenyewe, anampa hata jirani. Umewahi kusikia mtu akimwita mnafiki? Anajua kipi anunue, na kipi kisitoke mkononi mwake. Kitu kimoja tu hafanyi: hafungui stoo ya mwenzake usiku.

Fanya hivyo hivyo na kompyuta yako.

Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba hazikubaliki kwenye Windows 11. Hizo usizitupe, na usitafute jamaa wa flashi. Weka Linux Mint kwenye zile za wateja wa kufungua barua pepe na kuangalia matokeo. Kwa hizo inatosha kabisa.

Lakini bakisha moja yenye Windows na Office halali, uliyolipia. Kwa nini? Kwa sababu mteja atakuja na CV iliyoandikwa kwa Word, na ukiifungua kwa LibreOffice wakati mwingine inavurugika. Mteja hakuja kusikia hotuba ya uhuru, amekuja kutafuta kazi. Leseni moja unaweza kuipangia akiba. Leseni za kompyuta zote ndizo zilizokuogopesha.

M-Pesa je? Si programu huru, na hakuna biashara Kitale itaishi bila hiyo. Itumie. Ila hesabu zako za mauzo usiziache kwenye meseji za simu tu. Ziandike kwenye faili yako mwenyewe kila jioni.

Hapo ndipo mimi nimechora mstari. Chombo kinaweza kuwa cha kununua, lakini kumbukumbu zisiwe mateka. Kabla hujaingiza jina la mtu hata mmoja, uliza: nikitaka kuondoka kesho, nitatoka na data yangu? Kama jibu ni hapana, au "tutaona", toka mapema.

Kwetu sisi wa harakati hili ni zito zaidi. Orodha ya watu ni amana. Tuliona Huduma Namba: Nubian Rights Forum na wenzao walienda Mahakama Kuu, na Januari 2020 mahakama ikasema mfumo hauwezi kuendelea bila kanuni za kulinda taarifa za watu. Tukiwadai wakubwa waeleze mifumo yao, halafu sisi tunaweka namba za vitambulisho vya vijana kwenye programu ya wizi iliyojaa virusi, tutasimama wapi?

Kwa hiyo anza Jumamosi hii. Kompyuta moja tu, si zote. Jaribu printa kwanza. Fundisha kijana mmoja. Nakili faili zako mahali pawili. Na ukipata faida kutokana na programu huru, rudisha kitu: changia hata kidogo, tafsiri kurasa chache kwa Kiswahili, au mfunze mwenzako bila kumtoza.

Yule mama bado nakutana naye sokoni. Mwaka uliofuata fomu ya mwanawe tuliipeleka siku kumi kabla. Ilichapwa na Linux, na printa tulikuwa tumeijaribu.

Wabillahi tawfiq.