Gari limeitwa Japani, mwenyewe yuko Nshambya

Simama kando ya barabara pale Nshambya jioni, watu wanaporudi kutoka mjini, uhesabu magari madogo yanayopita. Vitz, Corolla, RAV4, X-Trail, Fit, Forester, halafu Vitz nyingine. Sasa nikwambie jambo ambalo wenye magari wengi hawajawahi kuambiwa. Aina hizo zote, kwa matoleo ya miaka fulani, zimewahi kuitwa na watengenezaji wake zirudi kubadilishwa kipuri. Kipuri chenyewe ni kijitungi cha gesi kinachojaza mfuko wa hewa, ile eabegi inayokaa ndani ya usukani na dashibodi. Kikiharibika, siku ya ajali mfuko haukulindi, unakurushia vipande vya chuma usoni na shingoni.

Sisemi kila Vitz ya Bukoba ni bomu. Nyingi huenda zilibadilishwa huko huko Japani kabla ya kuuzwa, na nyingine hazimo kabisa kwenye orodha. Ninachosema ni kwamba kwetu hakuna anayemwambia mwenye gari lake liko upande gani. Na hilo, ndugu zangu wanachuo, sio suala la ufundi. Ni suala la haki ya mlaji, na tunaweza kuanza kulishughulikia wiki hii.

Tuanze na kilichotokea. Takata ilikuwa kampuni ya Kijapani, ikitengeneza mikanda ya viti na mifuko ya hewa kwa kampuni karibu zote kubwa za magari. Ili mfuko ujae haraka kuliko mtu anavyofumba jicho, ndani ya kijitungi huwekwa kemikali inayoungua na kutoa gesi. Takata walitumia amoniamu naitreti. Kemikali hii tunaifahamu: imo kwenye baadhi ya mbolea, na ndiyo inayochanganywa na mafuta kutengeneza baruti za kupasulia miamba migodini. Mlipuko wa bandari ya Beirut, Agosti 4, 2020, ulitokana na shehena yake.

Mkulima yeyote wa Muleba anajua mfuko wa mbolea ukiachwa wazi msimu wa mvua hugeuka mabonge. Ndani ya kijitungi cha Takata hutokea jambo la namna hiyo hiyo. Unyevu unaingia kidogo kidogo, joto la mchana na baridi ya usiku vinapishana, mwaka baada ya mwaka, na vidonge vya kemikali vinapoteza ugumu wake. Siku ya kugongana vinaungua kwa kasi kupita kiasi. Gesi inakuwa nyingi kuliko chuma kinavyoweza kuhimili, na chuma kinapasuka. Majeraha yake yamewahi kudhaniwa ni ya kuchomwa kisu.

Wito wa kwanza ulitolewa na Honda mwaka 2008, kwa magari yapatayo 4,000 tu. Kisha ukakua. Marekani peke yake imefikisha mifuko ya hewa kama milioni 67, na duniani kote inakaribia milioni 100. Hakuna wito mwingine wa magari uliowahi kufika hapo. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la jinai Marekani, kwamba ilikuwa inachezea matokeo ya majaribio yake, ikakubali kulipa dola bilioni 1. Juni mwaka huo huo ikafilisika. Kampuni imekufa, lakini vijitungi vyake bado viko barabarani.

Kinachotuhusu zaidi ni hiki: ugonjwa huu unapenda umri, joto na unyevu. Ndiyo maana Marekani walianza na majimbo kama Florida na Hawaii. Ndiyo maana kifo cha kwanza nje ya Marekani kilitokea Malaysia, mwaka 2014. Na ndiyo maana Ufaransa, ambayo mwaka 2025 iliamuru magari yenye mifuko hiyo yasiendeshwe mpaka yatengenezwe, ilipoteza watu wengi zaidi katika maeneo yake ya ng'ambo yenye joto, kikiwemo kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi hii hii.

Mtu atasema Bukoba si Dar, kwetu kuna ubaridi. Kweli, joto letu ni la kistaarabu. Lakini mvua zetu ni za kutajika nchini, ziwa lipo mlangoni, na gari lililofungwa vioo likaanikwa juani linapata joto lake lenyewe. Isitoshe, gari linalouzwa leo Bukoba mara nyingi limeshaishi maisha mengine: miaka kadhaa Japani, halafu bandarini, halafu miaka mitano au sita Dar, ndipo likapanda kuja huku kwa mmiliki wa tatu au wa nne. Unyevu wa kote huko limekuja nao.

Na hapo ndo kamba inapokatikia. Wito wa kurejesha gari umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye anwani. Japani mtengenezaji anamwandikia mwenye gari barua, barua inafika, gari linapelekwa, kipuri kinabadilishwa bila malipo. Gari likiuzwa nje, anwani inakufa. Barua inayofuata inamwendea mtu wa Nagoya ambaye alishalisahau hilo gari, wakati gari lenyewe linapakia ndizi Kamachumu. Wakala rasmi wa hapa nchini naye anajua magari aliyoyauza yeye, mapya. Hili la mtumba halimo kwenye vitabu vyake.

Nimewahi kumuuliza dereva mmoja wa mchomoko wa njia ya Muleba kama anafahamu habari hizi. Akanitazama kama nimemuuliza habari za mwezini. "Mdogo wangu, hiyo taa ya eabegi fundi aliitoa balbu zamani, ilikuwa inanisumbua macho." Tulikuwa wawili kwenye kiti cha abiria cha mbele, nyuma wanne. Sasa linganisha. Oktoba 2014, Toyota huko Marekani iliwaambia wateja wa magari yaliyoitwa kwamba kama kipuri kipya hakijapatikana, mtu yeyote asikae kiti cha mbele cha abiria. Asikae kabisa. Sisi kiti hicho hicho tunakikalia wawili, na anayekaa katikati analipa nauli sawa na wengine.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshalisikia kwenye mabweni. Kwamba Tanzania watu wanakufa kwa mwendokasi, kwa breki mbovu, kwa matairi yaliyokwisha, kwa bodaboda zisizo na taa. Wewe unatuletea habari za mifuko ya hewa. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Ukiwa na pesa ya jambo moja tu, nunua matairi. Lakini jambo hili lina tofauti mbili. Kwanza, breki mbovu dereva anaweza kuisikia mguuni. Kijitungi kibovu hakilii, hakinuki, hakiwashi taa. Kinakaa kimya mpaka siku ya ajali, na inaweza kuwa ajali ndogo tu ya mjini ambayo mtu alipaswa kushuka na kuanza kugombana. Pili, kazi ngumu imeshafanyika. Orodha ya magari ipo, namba moja moja. Kilichobaki ni kuifikisha kwa mwenye gari. Kushindwa kufanya kazi ndogo kwa kisingizio kwamba kuna kazi kubwa ni uvivu tu.

Wengine wamefanya. Australia, mwaka 2018, serikali ililifanya agizo la lazima, ikawapa watengenezaji mpaka mwisho wa 2020 kubadilisha mifuko kwenye magari yapatayo milioni 3. Lakini mfano wetu hasa ni New Zealand. Wale, kama sisi, wanaendesha upande wa kushoto na wamejaza barabara zao magari ya mtumba kutoka Japani. Aprili 2018 serikali yao iliagiza magari takribani 50,000 yenye vijitungi vya aina ile ya hatari zaidi yarekebishwe, na wala haikuuliza gari liliingia kwa mlango gani. Mtengenezaji alilitengeneza yeye, basi ni lake.

Kwetu vyombo vipo. TRA inasajili kila gari, na kwenye usajili kuna namba ya chesisi na jina la mmiliki. TBS ina jukumu la kukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini. FCC, iliyoundwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Polisi wa usalama barabarani hukagua magari na kutoa stika. Kwa hiyo ninayoomba hayahitaji taasisi mpya wala jengo jipya.

Moja, FCC iwaombe watengenezaji orodha za namba za chesisi za magari yaliyoitwa na ambayo bado hayajatengenezwa, na TRA izilinganishe na daftari lake. Hiyo ni kazi ya kompyuta. Wanaoangukia kwenye orodha watumiwe ujumbe wa simu kwa Kiswahili. Tunatumiwa ujumbe wa bahati nasibu kila siku, huu mmoja utatushinda?

Mbili, ukaguzi wa gari la mtumba ujibu swali la ziada: je, gari hili lina wito ambao haujatekelezwa? Kama lina, litengenezwe kabla halijapanda meli, huko ambako kipuri kipo na mafundi wapo.

Tatu, wakala rasmi na serikali watamke kwa maandishi nani analipia gari la mtumba. Ofisi kuu za mawakala ziko Dar es Salaam, na kutoka Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300. Kumwambia mtu matengenezo ni bure halafu atumie mafuta na siku nne za njia ni sawa na kumwambia hapana. Timu ya mafundi wa wakala ikija kanda ya ziwa kwa mwezi mmoja, Bukoba, Muleba na Mwanza, itafanya zaidi ya matangazo yote.

Sasa tuje kwetu. Likizo inakaribia, na wengi wetu tunarudi nyumbani kwenye gari la baba mdogo, la mjomba, la jirani, au la biashara linalolipa ada zetu. Sisi ndio tunaojua kutafuta kitu kwenye simu, na kazi ni hii. Chukua kadi ya gari au fungua boneti, uandike namba ya chesisi. Angalizo: magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya tarakimu 17 wanayotumia Wamarekani. Yana herufi chache za modeli, kistari, halafu namba. Ukiiweka kwenye ukurasa wa Marekani itakataliwa, nawe utadhani gari ni salama. Tafuta ukurasa wa ukaguzi wa wito wa mtengenezaji mwenyewe kwa Japani. Ni wa Kijapani, lakini simu yako inatafsiri.

Ukikuta gari limo kwenye orodha, mweleze mwenyewe kwa adabu, bila kumtisha. Mzee hatapenda kusikia kutoka kwa mtoto kwamba gari alilolinunulia kwa jasho la kahawa lina kasoro, kwa hiyo chagua saa. Mwambie aandike kwa wakala rasmi, akiambatisha namba ya chesisi, na atunze nakala. Kiti cha mbele cha abiria kibaki wazi pale inapowezekana. Na tafadhali, asimpe fundi wa mtaani aufungue usukani "kuangalia". Kile ni kilipuzi, na fundi wetu hana kinga wala kifaa chake. Vilevile asinunue usukani wa mtumba wenye mfuko wake kutoka gari lililokatwa spea. Anaweza kuwa analipia kijitungi kile kile kilichoitwa.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina pendekezo moja. Tutenge Jumamosi moja kabla ya kufunga chuo, wenzetu wa uhandisi na wa sheria wakae meza moja. Mwanachuo, mhadhiri, mhudumu, dereva wa chuo, yeyote aje na namba ya chesisi aondoke na jibu. Namba zitakazopatikana na kasoro ziandikiwe barua moja kwa FCC, yenye magari halisi na mikoa yake. Barua ya mtu mmoja wa Nshambya itakaa kwenye trei. Barua yenye chesisi mia mbili na mhuri wa wanafunzi ni vigumu zaidi kuikalia.

Anayeanza ni wewe. Usiku huu mpigie aliye nyumbani, umwombe akusomee namba iliyo kwenye kadi ya gari. Haizidi dakika tano.